Sentensi ya Kweli

Mwalimu Jovitha Kashaija alikuwa na kanuni moja darasani: mfano wowote wa Kiingereza lazima uwe kweli. Vitabu alivyovikuta katika shule ya sekondari ya kata kule Nyakatuntu vilijaa watu wasiokuwepo, akina John na Mary, waliopenda amani na kuchukia uvivu. Siku ya kwanza aliwauliza kidato cha tatu kama kuna anayemfahamu John. Hakuna aliyemfahamu.

"Basi tutajuaje kama sentensi yake ni sahihi?" aliuliza. "Sentensi hupimwa kwa jambo lenyewe. Leteni mambo mnayoyajua."

Tangu hapo, mwanafunzi aliyesema kwamba baba yake ana gari, na darasa zima linajua ana baiskeli, aliambiwa asahihishe. Hakuchapwa. Alisahihisha tu, kwa sauti, mbele ya wenzake. Wengi wangechagua fimbo.

Jovitha alikuwa mwenyeji wa Kanoni, upande wa Karagwe, binti wa wakulima wa kahawa. Hakupenda maneno mengi. Ilisimuliwa kijijini kwamba aliwahi kumsahihisha mgeni rasmi katikati ya hotuba yake ya Kiingereza, na mgeni akasema asante. Wasimulizi waliongeza chumvi, lakini kisa kilikuwa cha kweli.

Mwezi wa saba walifika kwenye nomino dhahania na lile neno dogo "the". Wanafunzi wake walizungumza Kinyambo nyumbani na Kiswahili uwanjani. Kiingereza walikizungumza mbele yake tu. Hawakuelewa neno hilo lina kazi gani, kwa hiyo walilibandika kila mahali: mbele ya upendo, mbele ya umaskini, mbele ya kifo.

"Kifo kwa jumla hakina mwenyewe," Jovitha aliwaambia. "Kinampata kila mtu. Hicho hakihitaji 'the'. Lakini kifo cha bibi yako, kile kilichotokea wakati wa kuanika kahawa, mkasubiri wajomba kutoka Chonyonyo ndipo mzike, hicho kina mwenyewe na kina siku yake. Hicho kinapewa 'the'."

Cleophace, mchekeshaji wa darasa, alinyoosha mkono. "Kwa hiyo Mwalimu, umaskini wa dunia nzima haupewi kitu, lakini umaskini wa kwetu unapewa?"

"Unapewa."

"Afadhali. Huo utakuwa msaada wa kwanza kufika kwetu."

Darasa lilicheka. Jovitha alingoja kicheko kiishe. "Vizuri. Sasa sema hivyo kwa Kiingereza." Cleophace akakaa.

Aliwapa kazi: kesho yake kila mmoja asimame na sentensi moja, yenye nomino dhahania iliyofungwa kwa mtu au tukio analolijua. Walileta njaa ya mwaka ambao migomba ilishambuliwa na mnyauko, uvivu wa kaka, wivu wa mke mdogo. Cleophace alileta ukimya wa baba yake anapokuwa amekunywa rubisi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Uwiduhaye alisimama wa mwisho. Alikuwa binti mrefu, mtulivu, mwanafunzi bora wa Kiingereza katika kidato chake na pengine katika shule nzima. Alisema: *The fear with which my father crossed the Kagera as a child has never left our house.*

Jovitha aliipima. Hofu ilikuwa imefungwa kwa mtu, kwa mahali na kwa wakati. Kila neno lilikaa panapostahili. "Sahihi," alisema, na hilo ndilo neno kubwa kuliko yote aliyokuwa akiyatoa.

Kipindi kilipoisha alimwita pembeni. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Unaisema bila wasiwasi."

"Naisema kwa Kiingereza, Mwalimu. Kwa Kiswahili sijawahi. Nyumbani hatuisemi kwa lugha yoyote."

Jovitha alilichukua jibu hilo kama maelezo kuhusu lugha. Aliona ni jambo la kawaida: mtu hupata ujasiri katika lugha ambayo hakuinyonya kwa mama yake. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Baba wa Uwiduhaye aliitwa Hagenimana. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa chini ya kilima cha shule, na mke, Laurensia, ambaye ni Mnyambo wa hapohapo. Hagenimana alikuwa mwanakwaya wa parokia. Katika kila mahali alipotakiwa kutaja alikozaliwa, alitaja Nyakatuntu. Watu wazima wa kijiji walijua kwamba hakuzaliwa Nyakatuntu. Walikumbuka mwaka ule watu walipovuka mto kutoka Rwanda, kambi zikajaa, kisha kambi zikafungwa na watu wakarudishwa. Walikumbuka pia mwanamke mmoja aliyebaki, akilima vibarua huku mtoto akimfuata nyuma. Mtoto huyo alikua, akaoa, akalipa michango ya misiba kama wengine.

Walijua, lakini hawakusema, na tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Kule Nyakatuntu jambo linalosemwa kwenye kilabu cha rubisi ni maneno. Linalosemwa shambani ni maneno. Linalosemwa mkutanoni, mwenyekiti wa kijiji akiwa amekaa na mtendaji akiwa pembeni yake, ni taarifa, na taarifa lazima ifanyiwe kazi. Kwa hiyo watu walikuwa waangalifu kuhusu nini kinasemwa wapi. Hata Clavery, jirani aliyegombana na Hagenimana juu ya mpaka wa vibanja vyao na kushindwa mbele ya baraza, alimtukana kwa kila jina kilabuni, lakini mkutanoni alimwita ndugu.

Siku ya wazazi iliangukia wiki chache kabla ya mwisho wa muhula. Mkuu wa shule, Mwalimu Ambrose, alitaka wazazi waone Kiingereza. Aliagiza wanafunzi watano bora wa kidato cha tatu wasimame na sentensi zao. Uwiduhaye hakukataa. Wazazi waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai hawakujua Kiingereza, na wageni wa meza kuu walikijua kidogo kuliko walivyodai.

Wanafunzi wawili wa kwanza walisema sentensi zao na kupigiwa makofi hafifu. Wazazi walikuwa wameanza kusinzia. Mwalimu Ambrose aliliona hilo akashika kipaza sauti.

"Wazazi wangu, msidhani watoto wanawatukana," alisema, na watu wakacheka. "Mwalimu Jovitha atatutafsiria, neno kwa neno. Mnamfahamu, hata koma haachi."

Haikuwa kwenye ratiba. Jovitha alisimama kando ya wanafunzi. Alitafsiri ya mwanafunzi wa tatu. Ya nne ilikuwa ya Cleophace, ambaye alipomwona baba yake kwenye kiti cha mbele aliacha ukimya na rubisi, akasema jambo fupi kuhusu wema wa mama yake. Jovitha alijua kwamba amebadilisha, akakunja uso kidogo, kisha akatafsiri wema wa mama. Watu wakapiga vigelegele.

Uwiduhaye alikuwa na muda wa kubadilisha pia. Alimtazama Jovitha. Mwalimu alimpa ishara kwa kichwa aendelee, kwa kuwa ratiba ilikuwa imechelewa. Msichana alisema sentensi yake kama ilivyokuwa, maana hakuwa na nyingine aliyoiandaa, na kwa sababu alikuwa amefundishwa hivyo.

Jovitha akatafsiri, kwa sauti ileile aliyotafsiria nyingine: "Ile hofu ambayo baba yangu alivuka nayo mto Kagera akiwa mtoto haijawahi kuondoka nyumbani kwetu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hagenimana alikuwa amekaa karibu na nguzo ya turubai, koti la kwaya mapajani. Hakuinua kichwa. Mtendaji wa kijiji, mgeni katika eneo hilo, aliyehamishiwa pale mwaka huohuo, aligeuka kumtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama vilima.

Kisha Clavery akasimama. "Samahani, Mwalimu waitu. Huku nyuma upepo umechukua maneno. Hebu rudia."

Hapo Jovitha alielewa alichokifanya. Hata hivyo ilikuwepo nafasi, fupi lakini ilikuwepo. Angeweza kusema wakati umekwisha. Angeweza kuweka neno jingine mahali pa Kagera. Lakini aliombwa arudie, na kurudia kwake kulikuwa kurudia kulekule siku zote. Alirudia neno kwa neno.

"Ahsante," Clavery alisema. "Sasa nimesikia. Na mwenyekiti wangu amesikia."

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Nolasco. Jioni ile Jovitha alimfuata nyumbani kwake, akamkuta anageuza kahawa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, Mwalimu. Najua ulichokuja nacho."

"Ile ni kazi ya mwanafunzi. Ni zoezi la sarufi. Haiwezi kuwa taarifa."

"Mimi mambo ya sarufi siyajui." Nolasco aliendelea kugeuza. "Hagenimana tumechunga naye mbuzi. Miaka yote hii niliulizwa mara ngapi na wakubwa, kuna wageni kijijini kwako? Nikasema hakuna, kwa sababu mkutanoni hakuna aliyeniambia. Sasa umeniambia wewe. Kwa kipaza sauti. Mtendaji akiwa amekaa nami bega kwa bega."

"Mtendaji anaweza kuelezwa."

"Kijana yule? Anaogopa kupoteza kazi kuliko anavyoogopa Mungu. Amekwisha kuitisha mkutano." Akainua uso. "Labda useme ulikosea. Kama tafsiri ilikuwa na kosa, basi hakuna kilichosemwa. Hapo nitakuwa na mahali pa kusimama."

Jovitha alirudi akiwa ameamua. Hakuwa mtu wa kujidanganya kuhusu uamuzi wake: angesimama mbele ya watu na kusema uongo, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na kanuni ya darasani na upande mwingine familia. Alitengeneza uongo huo kwa uangalifu uleule wa kazi zake zote. Neno lile la Kiingereza la kuvuka, angesema, lina maana pia ya kupita kandokando. Halina. Lakini nani angejua?

Mkutano ulijaa kuliko mikutano ya mbolea. Mtendaji alieleza sababu ya kukutana kwa maneno ya kiofisi, kisha Nolasco akamwita Jovitha haraka kabla ya mwingine yeyote.

"Nilikosea kutafsiri," Jovitha alisema. "Mwanafunzi alisema baba yake aliogopa mto alipokuwa akipita kandokando yake akiwa mtoto. Hapa hapa upande wetu. Kosa ni langu."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya.

"Mwalimu Jovitha? Akosee?"

"Aliyemkosoa mgeni rasmi!" mwingine akadakia. "Siku ile tulimhurumia yule baba, jasho linamtoka."

"Akikosea huyu, basi hata saa ya kanisa imekosea."

Kicheko kikaenea. Clavery hakucheka. "Mimi darasa la saba," alisema, "lakini nilimwomba arudie, akarudia. Alirudia vilevile, kama kanda. Mtu hakosei mara mbili kosa lilelile, neno kwa neno. Au mwenzangu Kampire, ulisikia tofauti?" Mama aliyekaa mbele yake, aliyeitwa hivyo, alitazama mikono yake.

Mtendaji alimgeukia mkuu wa shule. "Mwalimu Ambrose, huyu ni mwalimu wako. Huwa anakosea?"

Mwalimu Ambrose alikuwa amekaa akifikiria shule yake, matokeo ya mtihani wa taifa, na wazazi ambao wangeanza kusema kwamba Kiingereza kinachofundishwa pale ni cha kukosea. Alisimama akarekebisha koti. "Mheshimiwa, tangu Mwalimu Jovitha aripoti katika shule yangu, sijaona kosa lake hata moja. Hilo naweza kulisimamia popote."

Alisema kwa fahari. Alipokaa, na kuona uso wa Nolasco, ndipo alipofahamu.

"Basi kama hakosei," mtendaji alisema taratibu, "kwa nini leo anatuambia amekosea?"

Uongo wa mtu aliyezoea kudanganya ungeweza kupita, watu wakaupokea kama desturi. Wa Jovitha ulisimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Waliokuwa na shaka kabla ya yeye kusimama, sasa hawakuwa nayo.

Alifungua kinywa aongeze jambo. Hagenimana akanyanyuka.

"Mwacheni Mwalimu," alisema. "Hawezi kazi hiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakanyamaza ili wamsikie. "Mnaniuliza kama nilivuka. Sikuvuka. Nilivushwa. Mtoto hajivushi. Mama yangu mmemzika ninyi wenyewe. Clavery, jembe lilikuwa lako. Mnataka niseme nini tena?"

"Hakuna anayekufukuza, ndugu yangu," mzee mmoja alisema.

"Najua. Hakuna anayefukuza. Kuna taarifa tu."

Mtendaji alitangaza kwamba suala litapelekwa wilayani, huko kuna wanaohusika, na Hagenimana atatakiwa kueleza uhalali wake wa kuishi na kumiliki ardhi. Hakusema kwa ukali. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Uwiduhaye hakuonekana shuleni wiki iliyofuata. Jovitha aliwauliza wenzake. Darasa zima liliangalia madawati. Cleophace peke yake alijibu, bila utani: "Mwalimu, mfuate kwao."

Alikwenda baada ya vipindi. Laurensia alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, maganda yakiangukia kwenye karai. Hakuinuka. Kwa desturi ya huko mgeni hukaribishwa kiti kabla ya salamu haijaisha; Jovitha alisalimia, akajibiwa, na hakupewa kiti. Alibaki amesimama uani.

"Nimekuja kumwona Uwiduhaye."

"Amekwenda na baba yake. Walipitia Murongo, mpakani, wakavuka kwenda Uganda. Huko kuna makambi, wanasema."

"Wilayani walikuwa hawajaita bado. Angesubiri. Kuna watu waliosikilizwa wakapewa vibali."

"Wako pia ambao hawakupewa." Laurensia alidondosha ndizi kwenye sufuria. "Mtu aliyewahi kuona wenzake wakirudishwa hasubiri zamu yake. Nilimwambia asubiri. Hakunisikia. Alikuwa hasikii kitu tena, anaangalia barabara tu."

"Lakini mtoto angebaki. Amezaliwa hapa, wewe ni mama yake. Amebakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani."

"Nilimshika nguo. Akasema, mama, baba hajui Kiingereza, na huko watamhoji kwa Kiingereza. Nani atamsemea?" Akamenya nyingine. "Nikamwuliza, utawaambia nini? Akasema ataangalia kwanza wanataka kusikia nini."

Jovitha alitafuta jambo la kusema ambalo lingekuwa kweli na pia lingesaidia, na hakulipata. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anafagia. Akatokea mdogo wake Uwiduhaye, msichana wa darasa la saba, ufagio mkononi, mrefu kwa umri wake. Alipomwona Jovitha alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, Edith?"

"Nenda kaendelee na kazi," Laurensia alimwambia mtoto, naye akarudi nyuma ya nyumba. Mama alisubiri hadi sauti ya ufagio iliposikika tena.

"Huyu naye amefaulu, walimu wake wanasema. Januari atakuja kwenu, kidato cha kwanza." Sasa alimtazama Jovitha usoni kwa mara ya kwanza. "Sikuchukii, Mwalimu. Hagenimana alisema nisikuchukie, na ninajaribu. Ila nina ombi moja. Edith asiingie darasani kwako. Afundishwe Kiingereza na mwalimu mwingine yeyote, hata kama hajui."

"Hakuna mwalimu mwingine," Jovitha alisema. "Shule nzima, wa Kiingereza ni mimi peke yangu."

Laurensia aliifikiria habari hiyo. Aliokota ndizi ya mwisho, akaimenya, akaiangalia kama ina doa, akaitia majini.

"Basi hatakuja," alisema, akabeba sufuria akaingia ndani.